Mguu Uliofunikwa kwa Hina

Mwende mwanangu,

Leo mchana, ulipokuwa umelala kwenye mkeka karibu na mlango ili upate upepo kidogo, nilichuchumaa kando yako nikakubonyeza mguu. Ni ule wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Nilibonyeza kwa kidole gumba, nikangoja, nikatoa kidole. Shimo likabaki. Nililitazama likikaa pale bila haraka, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, na moyo wangu ukaenda mbio hata nikaogopa utausikia uamke. Hukuamka. Ulijigeuza, ukavuta dera, ukafunika miguu. Hata usingizini unafunika miguu.

Sasa umekwenda kumuaga Halima, rafiki yangu wa hina, na najua hutarudi kabla ya magharibi kwa sababu Halima hamwachi mtu aondoke kwake na kikombe kimoja cha chai tumboni. Nimekaa kwenye meza ya kusahihishia madaftari, mguu wangu nimeupandisha juu ya jerikeni, na ninakuandikia kwa sababu nimejaribu kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Kila nikianza, unaniuliza kama nimeona chaja yako. Mambo ya chaja, neti, maji ya kuchemsha na watu wa kupigia simu ukifika shule yako mpya kule Diff, mpakani, sitayaandika. Umeyasikia hadi yamekutoka puani, na kesho baba yako atayarudia kwa simu kutoka Mwingi, kwa sauti ya mtu anayeita zimamoto.

Kila mtu ananiuliza jambo moja. Kwenye chumba cha walimu, kanisani, hata mama anayeniletea maziwa ya ngamia: "Mwalimu, huogopi kubeleka msichana yako mbakani?" Naogopa. Nani asiyeogopa? Lakini woga huo nimegawana na akina mama wote wa nyumba za walimu. Tunaubeba pamoja, tunauombea pamoja, na akilia mmoja wengine wanamshika bega. Huu mwingine ni wangu peke yangu. Tangu Jumamosi ninalala nao na kuamka nao.

Jumamosi ulirudi kutoka kwenye harusi ya kitindamimba wa Halima ukiwa umepakwa hina. Mikono haikunishangaza. Ukikaa na wanawake wa hapa siku ya harusi bila kupakwa, watakuuliza umefiwa na nani. Lakini miguu, Mwende? Wewe ambaye tangu utotoni ukiguswa nyayo unapiga kelele kwamba unatekenywa? Hina ilianza vidoleni, ikazunguka kifundo, ikapanda hadi karibu nusu ya muundi. Maua ya mguu wa kulia yana nafasi katikati. Ya mguu wa kushoto yamebanana, hayana pa kupitisha sindano. Nikakuuliza, "Siku hizi umependa hina?" Ukasema, "Nimependa tu, mama," ukaingia chumbani.

Nilibaki nimesimama na sufuria mkononi. "Nimependa tu." Maneno hayo hayo niliyasema mimi kwa miaka, kwa kila aliyeniuliza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba naongopa.

Unakumbuka Hadado, kule Wajir? Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka vumbi na kengele za ngamia tu. Nilipelekwa kule nikiwa mwalimu mgeni kabisa, Mkamba wa Mwingi ambaye hata salamu ya Kisomali ilikuwa inamkwama kooni. Nilifundisha nikiwa nimesimama kutoka asubuhi hadi watoto waruhusiwe, kwa sababu tulipofundishwa ualimu tuliambiwa mwalimu anayekaa ni mwalimu mvivu. Jioni nikivua viatu, alama ya mkanda ilikuwa imezama kwenye nyama. Ulikuwa na mchezo wako. Nikikaa mkekani unakuja mbio, unanibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki, unadondosha tone la maji ndani yake na kutangaza kwamba umechimba kisima. Halafu unawaita ngamia waje wanywe. Ulikuwa unawaita kwa majina. Nilicheka nawe hadi machozi yakanitoka, na sikujua ninachochekea ni nini.

Baadaye mahali pa kisima pakaanza kuwasha. Nilidhani ni mbu, kisha nikadhani ni sabuni. Nikajikuna kwa kisigino cha mguu wa pili huku naandika ubaoni. Ngozi ikageuka rangi, kwanza kama chai ya rangi, halafu kama kutu, ikawa ngumu na kung'aa. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ambayo sijawahi kukuambia, kwa sababu rangi hiyo nilikuwa naijua.

Nyanya yako, mama yangu, alikuwa nayo. Hukumkuta. Alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha ndani ambacho hakikupona maisha yake yote ninayoyajua mimi. Kilikuwa kinafunga kidogo msimu wa baridi, kinafunguka tena. Watu walisema amekanyaga kitu alichotegewa. Alikifunga kwa kitambaa cha kanga, na mimi ndiye niliyetumwa kuvifua vitambaa hivyo mtoni, mbali na vyombo vya watu wengine. Nilikuwa naziba pumzi. Nilipokuwa napita mlango wa chumba chake nilikuwa naharakisha, naye alinisikia nikiharakisha. Hakuwahi kuniita nikae naye. Nadhani alikuwa ananionea huruma, na jambo hilo linaniuma hadi leo kuliko mguu wenyewe.

Kwa hiyo nilipoiona rangi ile kwenye mguu wangu mwenyewe, sikwenda kwa daktari. Nilikwenda kupakwa hina.

Ilitokea kama mchezo. Wanawake wa Hadado walinialika harusini, wakanikalisha, wakanipaka miguu. Nilipotazama chini, alama haikuwepo. Maua yalikuwa yameimeza. Wakashangilia kwamba sasa mwalimu amekuwa mtu wao, na tangu siku hiyo sikukosa hina. Ikififia napaka tena. Tulipohamia hapa Garissa nikampata Halima, fundi kuliko wote, na sifa yangu ikaenea: mwalimu Mkristo kutoka bara anayependa hina kuliko wenyeji. Mkuu wa shule alinitolea mfano mbele ya wazazi, eti huyu ndiye anayeheshimu mila za watu aliowakuta. Nilisimama pale nikitabasamu, mguu unawaka moto ndani ya kiatu. Mtu wa kwetu angefunga kitambaa na watu wote wakajua anaumwa. Mimi nilificha ugonjwa kwa urembo, na nikapigiwa makofi.

Ulipokuwa bweni, mguu wangu ulianza kuwa mwekundu na wenye joto. Ukiweka mkono juu yake unahisi kama umegusa birika. Duka la dawa wakanipa vidonge vya kuua wadudu. Nikavimaliza, wekundu ukapungua kwa sababu nilikuwa nimelala nyumbani mguu umeinuliwa, nikaamini ni vidonge. Ulipowaka tena nikarudi dukani. Nilirudi mara nyingi hata kijana wa duka akawa ananifungia dawa kabla sijafungua mdomo. Kisha kukawa na harusi nyingine, na hina ya kawaida haikutosha tena kuficha weusi ule. Nikamwambia Halima achanganye na ile rangi nyeusi ya kupaka nywele, piko, ikolee. Halima alisita. Aliniita kwa neno lao la mwalimu, akasema, "Maalin, hii ngozi yako haifurahi. Tuiwache kwanza." Nikamwambia apake tu. Kesho yake mahali pale palikuwa na malengelenge, na yalipopasuka hayakufunga. Likawa donda. Nilipolitazama niliona mguu wa mama yangu umekaa mwilini mwangu.

Kumbuka likizo ile uliyonikuta na bendeji. Nilikuambia nimemwagikiwa na maji ya chai. Si kweli. Na zile soksi ndefu za kubana ninazovaa chini ya dera hata jua la Januari likipasua mawe, zile ulizoniambia zinanifanya nifanane na mchezaji wa mpira mstaafu, si za baridi yabisi. Nilikuacha uamini hivyo kwa sababu baridi yabisi ni ugonjwa wa heshima, kila mama anao.

Halima ndiye aliyenivuta hadi hospitali. Alinishika mkono kama mtoto mtoro, njia nzima ananigombeza kwa Kisomali ili nisielewe yote. Daktari alikuwa kijana mwembamba, wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alipiga magoti sakafuni, Mwende, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili bila kuziba pumzi. Nililia kwa hilo kabla hajasema neno.

Nitakuandikia alichoniambia jinsi ninavyokikumbuka, kwa sababu ndicho ninachotaka ukijue leo na si baada ya miaka. Alisema ndani ya mishipa inayorudisha damu juu kuna vilango vidogo. Damu ikipanda vinafunguka, ikitaka kurudi chini vinafungika. "Vyako vimelegea, mwalimu. Damu inarudi, inajaa huku chini, inausukuma ukuta wa mshipa." Hadi hapo nilimwelewa upesi. Nikamwambia basi ni kama bomba lililoharibika, lizibwe yaishe. Akatikisa kichwa.

"Watu wengi husimama hapo," akasema. "Sikiliza kinachofuata. Ukuta ukisukumwa kila siku unakereka, na ukikereka unaita msaada. Zile chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zinakuja zikidhani kuna mdudu. Zinajishikiza ukutani, zinapenya ndani, zinamwaga sumu zao. Mdudu hayupo. Kinachounguzwa ni mshipa wako mwenyewe, vile vilango vyenyewe, hatimaye ngozi. Vilango vikizidi kuharibika damu inazidi kujaa, nazo zinazidi kuitana. Ule wekundu uliokuwa unanywea vidonge ndio huo. Ulikuwa unapigana na mdudu ambaye hakuwepo."

"Na weusi?"

"Damu inavuja kidogo kidogo inaingia chini ya ngozi. Chuma kilicho ndani yake kinabaki pale, na chenyewe kinazidi kuzichokoza. Ngozi ya namna hiyo iko macho saa zote. Ukiipaka rangi ya nywele, unaipiga kofi."

Nikamuuliza askari hao wataondoka lini. Akasema, "Tusipopunguza kinachowaita, hawaondoki."

Nimekuwa mwalimu katika kaunti hizi kwa muda mrefu. Nimewahi kulala na watoto chini ya madawati tukingoja kelele za risasi zipite. Lakini sikumbuki kuogopa namna nilivyoogopa kwenye kile kiti. Nilitaka aniambie ni mdudu. Mdudu ana jina, ana dawa, siku moja anakufa. Hawa ni kama wageni walioitwa kuamua ugomvi wa nyumbani, wakakuta hakuna wa kuamuliwa, wakakataa kuondoka na kuanza kuvunja vyombo. Na ni mimi niliyewalisha. Miaka yote ile ya hina, kila siku niliyosimama na kunyamaza, walikuwa humo ndani wanavunja, na mimi nje naulizwa nani amenichora maua mazuri hivi.

Hakunikaripia. Ningefurahi kama angenikaripia. Muuguzi alinipapasa kwanza juu ya unyayo akitafuta mpigo, ahakikishe kwamba damu ya kushuka inafika vizuri, kwa sababu alisema mguu usiofikiwa na damu haufungwi kwa nguvu. Kisha akanifunga bendeji za kubana kutoka vidoleni hadi chini ya goti. Nilidhani nitakufa kwa joto. Donda lilichukua muda mrefu hata nikakata tamaa mara kadhaa, lakini lilifunga, Mwende. La mama yangu halikufunga, la kwangu lilifunga, na tofauti haikuwa kubwa: mtu alipiga magoti akalitazama, basi.

Nilipokuwa natoka, daktari aliniuliza, "Una watoto?" Nikasema ninaye msichana mmoja, yuko shuleni. Akasema, "Jambo hili hupenda kufuata familia. Akikua mlete, tumtazame miguu kabla haijamsumbua." Nikasema sawa. Sikukuleta. Nilikutazama ukicheza mpira wa wavu, ukiruka juu ya ile miguu mirefu ya babako, nikajiambia una miguu ya upande wao. Kila ukija likizo nilikuwa nakukagua ukipita, kwa pembe ya jicho, na kila nikiona ngozi safi nilikuwa naahirisha. Nilikuwa naogopa kuujua ukweli, nikauita woga huo matumaini.

Jana nilimpigia Halima. Nilimuuliza alipokupaka aliona nini. Nikasikia mbuzi wake wanalia nyuma.

"Maalin, mimi kazi yangu hina tu. Mambo ya mguu uliza mwenye mguu."

"Halima, mimi ni mama yake."

"Wallahi, nimeahidi mtoto. Usinifunjie ahadi."

Nikanyamaza makusudi. Unajua Halima hawezi kuvumilia kimya, hata cha simu. Mwishowe akasema, "Alinikataza kutia ile nyeusi bahali moja. Alisema bale inamwasha. Sasa sijasema kitu, sawa? Hiyo ni habari ya hina." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hajawahi kuitumia nami, akasema, "Maalin, mimi nilinyamaza juu ya mguu yako hadi ikaoza. Hii ya mtoto siwezi." Akakata.

Usimkasirikie. Leo amekufanyia maandazi na nyama ya kukausha ya njiani, na nina hakika hivi sasa anakuita hooyo, mama, kila sentensi na kukushikilia mkono. Aliahidi, na ahadi ameitimiza kwa kadiri moyo ulivyomruhusu.

Najua kwa nini umeficha. Sijakuwa mama yako bure. Ulimaliza chuo ukakaa nyumbani ukiomba kazi hadi nguo za mahojiano zikapauka, na sasa nafasi imetoka, hata kama ni Diff, hata kama kila mtu anakuangalia kana kwamba unapelekwa vitani. Unaogopa ukisema neno "mguu" mtu atasema subiri. Labda pia unaogopa kitu kingine ambacho sitaki kukisema lakini nitakisema: unaogopa kuwa mimi. Umeniona nikipandisha mguu kwenye jerikeni. Umeona soksi. Hukuambiwa ukweli, lakini mtoto hahitaji kuambiwa. Mimi pia sikuambiwa, nilifua vitambaa tu.

Huenda nimejitisha bure. Nataka kuandika hivyo kwa herufi kubwa ili mimi mwenyewe nisome. Joto la Garissa linavimbisha miguu ya watu wazima wasio na ugonjwa wowote, na ulikuwa umesimama harusini siku nzima, na jana ulizunguka soko ukitafuta ndoo yenye kifuniko. Daktari anaweza kukutazama akacheka, akasema nenda zako, tembea, inua miguu jioni. Nitakuwa mjinga mwenye furaha kuliko wote katika mji huu. Lakini ni mguu mmoja, Mwende. Wa kulia niliubonyeza pia, ukarudi mara moja. Na nilipoinama nikauweka mgongo wa mkono wangu juu ya maua yale yaliyobanana, palikuwa pa moto kuliko pengine. Hilo ndilo lililonifanya niinuke nitoke nje, nikasimama kwenye jua kama mtu aliyesahau alichoenda kufanya.

Kutoka hapa hadi Wajir, kisha Diff, ni kukaa garini kutwa miguu imekunjwa. Ukifika, ni kusimama mbele ya darasa lililojaa, na nakujua, hutakaa, kwa sababu umefundishwa na mimi. Huko hakuna wa kukutazama mguu. Kutakuwa na duka la dawa na kijana atakayekufungia vidonge. Na kutakuwa na harusi, na wanawake wazuri watakaokukaribisha, wakakupaka, wakakuambia sasa wewe ni wao. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko mpaka. Watakupenda, na hutakuwa na sababu ya kuvua soksi mbele ya mtu yeyote.

Nikutajie kosa nililofanya leo, kabla hujalisikia kutoka kwa wengine. Ulipoenda kuoga nilitoka hadi ofisi ya basi. Nilikusudia kufuta safari yako. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wote, msiba Mwingi na kila kitu. Kijana wa tikiti ni yule mwembamba niliyemfundisha hesabu. Akasema, "Maalin, kiti ya kesho ukiwacha sasa hifi, imebotea." Nikasimama pale nimeshika ukingo wa dirisha. Nikajiona nikikuamulia maisha ili nisiogope mimi. Nikamwambia asiiguse. Nikamwomba akushikie na kiti kingine kwenye basi la keshokutwa, iwapo utakihitaji. Akaniuliza, "Wawili wanasafiri?" Nikamwambia ni mmoja, hajaamua.

Kwa hiyo kiti chako cha kesho ni chako. Sijakigusa, na mkuu wa shule yako sijampigia. Ukipanda, nenda na baraka zangu zote, bila kinyongo hata chembe. Inuka utembee basi likisimama. Na kama siku moja shavu la mguu litauma ghafla na kuvimba kuliko kawaida, au pumzi ikakubana, usingoje ruhusa ya mtu, tafuta gari upelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nimekwisha kutoa agizo. Ndilo moja tu, nisamehe.

Lakini kesho asubuhi sitakuwa stendi kukupungia mkono. Nakuambia sasa ili usinitafute kwenye watu. Daktari wa mishipa huja hapa mara moja moja tu, na kesho ni siku yake. Nitakuwa nimekaa kwenye ile benchi ndefu ya nje, inayotazama lango, ambapo kila anayepita hospitali lazima akuone. Watapita wazazi wa wanafunzi wangu. Watapita walimu, na mama wa maziwa, na watu wa kanisani. Sijapaka hina tangu donda lile, lakini tangu wakati huo hakuna mtu wa mji huu, mbali na Halima na wale walionitibu, aliyeuona mguu wangu. Kesho nitavua viatu, nitavua soksi, nitauweka pale juani na weusi wake na kovu lake, nao wanaotaka kutazama watatazama. Ni aibu ya kizee, najua, lakini ni yangu na nimeishi nayo muda mrefu.

Nasikia adhana. Sasa hivi utaingia na harufu ya udi ya kwa Halima, utaniuliza nimekula nini. Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto. Usinijibu leo. Tule, tuzungumze juu ya ndoo na chaja.

Basi linaondoka mapema, na daktari anaanza wakati huo huo. Nitakuwa nimekuwekea nafasi kwenye benchi, upande wangu wa kulia, nimeweka mkoba ili mtu asikae. Ukija, huna haja ya kunieleza chochote. Utanikuta nimeshavua. Kaa tu, uvue na wewe.

Mama yako